Anza na sauti, picha zitafuata

Ndugu, umeuliza utajifunzaje mitindo ya kuhariri video za safari za pikipiki, maana zako zinakuchosha hata wewe mwenyewe. Mimi ningeanza na sauti. Kamera ya kwenye helmeti huleta upepo mtupu, kwa hiyo upunguze karibu wote. Rekodi mngurumo wa injini kando, pikipiki ikiwa imesimama, kisha uutandaze chini ya picha za barabarani. Halafu jaribu hili: sauti ya kipande kinachofuata ianze kusikika kama sekunde moja kabla picha haijabadilika. Mtazamaji anasikia mto, ndipo anauona. Wahariri huuita mkato wa J, na kwa video za safari sijaona kinachoushinda.

Kuhusu mitindo, chukua video moja unayoipenda, zima sauti, andika kila kipande kinadumu sekunde ngapi na kamera imefungwa wapi. Kisha hariri safari yako kwa mpangilio huohuo. Programu isikuumize kichwa. DaVinci Resolve ya bure inatosha. Ukitaka mwendo wa polepole, rekodi fremu 60 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), kisha uicheze video kwa 30. Hayo madoido ya kuzungusha picha (samahani kwa wanaoyapenda) yaache kwanza.