Anzeni na sufuria, kompyuta itawasubiri

Wadogo zangu wanaokuja kwangu hapa Lubumbashi kuanza utafiti wa joto la mionzi huuliza kwanza watumie programu gani. Mimi huwapeleka jikoni. Nateleka sufuria mpya ya alumini, ile inayong'aa, maji yakichemka nampa mmoja wao kipimajoto cha kulenga, chenye umbo la bastola kama vile vya mlangoni wakati wa Corona, ila hiki ni cha viwandani. Analenga ubavu wa sufuria. Kinasoma nyuzi 40 hivi. Basi huku kwetu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Hazijaenda popote. Alumini inayong'aa hutoa mionzi kidogo mno, na sehemu kubwa ya inayoingia kwenye kifaa ni ya kuta na ya mwili wako mwenyewe, imegonga sufuria ikarudi. Bandika palepale utepe mweusi wa fundi umeme, subiri kidogo, lenga tena: 90 na kitu. Sufuria ileile, maji yaleyale.

Namba inayosema uso hutoa mionzi kiasi gani ukilinganishwa na uso mweusi kabisa, yaani ule unaomeza mionzi yote inayoufikia, inaitwa emisiviti, na mimi ilinila miezi minne. Nilikuwa napima bamba la shaba. Nikafungua jedwali, nikakuta shaba iliyosuguliwa: 0.04. Nikanakili, nikaendelea na mambo yangu. Kweli nilikuwa nimelisugua, likang'aa kama sarafu. Lakini baada ya saa nzima tanuruni lilitoka jeusi, limevaa oksidi, na shaba ya namna hiyo hufika 0.6 au zaidi. Hesabu zangu zilikuwa pungufu zaidi ya mara kumi, na mimi niko pale nalaumu tanuru! Aliyeligundua kosa hakuwa profesa. Ni mzee mmoja wa karakana, aliyeligeuza bamba kwa koleo akaniuliza: "Mwana, njo hii shaba yako ya kung'aa?"

Tangu hapo sinakili namba ya jedwali kabla ya kuutazama uso wenyewe, kabla na baada ya moto.

Jingine ni kelvini, halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri kabisa. Mwanafizikia Josef Stefan alionyesha mwaka 1879 kwamba joto la mionzi hupanda kwa kipeo cha nne cha halijoto, na Boltzmann akalithibitisha kwa nadharia mwaka 1884. Ukikosea halijoto kwa asilimia 1, joto umelikosea kwa asilimia 4. Na ukisahau kuongeza 273 kwenye nyuzi zako, usinitafute.

Kompyuta nayo itafika zamu yake. Wengi wenu mtatumia njia ya Monte Carlo, ya kurusha miale kwa bahati nasibu. Kupunguza kosa mara kumi kunadai miale mara mia, kwa hiyo kazi itakwenda siku tatu, na umeme utakatika usiku wa pili. Iambie programu ihifadhi kila saa. Someni pia Kiingereza mapema; tumesomeshwa kwa Kifaransa, lakini makala nyingi za fani hii, makala za kusoma, si makala ya mbabula, jiko letu la makaa, zimeandikwa kwa Kiingereza.

Lakini mbabula nayo ina lake la kufundisha. Shaba ikifika nyuzi 800 utepe unaungua, sasa utafanyaje? Toboa tundu jembamba na refu. Mionzi ikigongagonga kuta zake, mdomo wa tundu unakaribia kuwa uso mweusi kabisa, hata kama metali yenyewe inang'aa. Ulenge hapo. Wazo hilo la uso mweusi ni la mwanafizikia Kirchhoff, mwaka 1860, nami nililisoma mara nyingi bila kuliona.

Nililiona jioni moja nyumbani, mama anasonga bukari, ugali wetu, uani. Makala yalikuwa yameshika, juu yamevaa majivu, wekundu hafifu. Ila kwenye mianya kati ya kipande na kipande paliwaka rangi ya chungwa, angavu, sawasawa kila mwanya, huwezi hata kuona kipande kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Nikachutama pale nachungulia mpaka mama akaniuliza kama ninangoja bukari au ninangoja moto.