Fundi kafunga maji nusu saa tu akaondoka, nyumba iko salama?

SWALI: Habari fundi. Tuna nyumba ya likizo tunayokaa msimu wa joto tu, baridi ikianza tunafunga tunaondoka mpaka msimu uishe. Safari hii niliita fundi bomba. Kafunga koki kuu, kafungua mabomba yote mpaka maji yakakata, kamwaga kulanti ya gari kwenye masinki na choo ili maji yaliyobaki humo yasigande, nusu saa tu kamaliza. Kufungua kasema nitafungua mwenyewe, ni kuzungusha koki tu. Rafiki yangu anasema nimeliwa. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, umeliwa. Kama baridi kali haijaingia bado, tafuta fundi mwingine wiki hii hii.

Hili la "nimefungua koki maji yamekata" ndilo linanimaliza kila msimu. Maji kukata kwenye koki si maji kuisha kwenye bomba! Yanayotoka ni yale yaliyo juu ya koki ya chini kabisa, mengine yanabaki pale pale, bomba la kulala ambalo limelegea kidogo katikati yanabaki, kona za chini ya bafu yanabaki, ndani ya mixa ya shawa, kwenye hozi na valvu ya mashine ya kufulia, kwenye mpira mwembamba wa frigi inayotengeneza barafu, huko kote huwezi kuona na fundi wako hakugusa. Hata koki kuu yenyewe kama ni ya mpira ule wa chuma unaozunguka ndani, ukiifunga kabisa mpira unabaki na maji tumboni, yakiganda inapasuka koki. Ndio maana koki za ndani tukishazikausha tunaziacha nusu wazi.

Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9 hivi. Watu wanadhani bomba linapasuka pale barafu ilipo, mara nyingi sivyo, barafu inaziba bomba halafu inasukuma maji yaliyobaki mbele yake kuelekea kitu kilichofungwa, presha inapanda mpaka sehemu dhaifu iachie, inaweza kuwa hatua kadhaa kutoka hapo. Kufungua koki kunasaidia hiyo presha ipate pa kutokea, kwa hiyo mwaka mmoja mmoja ujanja wa fundi wako unafanya kazi na yeye anajiona mtaalamu. Ila maji yaliyokwama kwenye valvu ya mashine hayana pa kutokea. Nimekata vipande vya kopa vingi vya hivi, ufa unakwenda kwa urefu wa bomba, umefunguka katikati kama mdomo wa samaki. Na huo ufa baridi yote hauvuji tone, barafu yenyewe imeuziba. Unavuja siku umerudi, umefungua maji, umekwenda kununua mkate.

Kazi yenyewe inatakiwa iwe hivi. Umeme au gesi ya hita ya maji inazimwa KWANZA, ndipo hita inamwagwa kwa koki yake ya chini huku bomba la moto la juu likiwa wazi hewa iingie. Kama una kisima, pampu na tanki la presha navyo vinamwagwa. Halafu kompresa inaunganishwa isukume maji nje kwa hewa na unafungua koki moja moja, baridi na moto, shawa, choo, koki za nje (hozi ya bustani itolewe, ikibaki imefungwa inashikilia maji ndani), unarudia mpaka itoke hewa kavu. Kinachotakiwa ni hewa nyingi, sio presha kubwa. Kompresa ndogo ya kujazia tairi haitoshi, na wale wanaopandisha presha wakidhani ndio kasi wanaachisha fitingi ndani ya ukuta. Mimi sipendi ipite 50 psi. Nyumba yenye bafu zaidi ya moja, nusu saa haiwezekani, labda alikuwa anakimbia.

Hiyo kulanti ya gari ndio imenikera kabisa. Ile ya kawaida ni ethilini glaikoli, ni sumu, mbwa akiinywa kidogo chooni anaweza kufa, na ukiisukuma kwenye maji taka umeipeleka usikotaka. Usiflashi. Fungua ile kona ya U chini ya sinki, kinga kwa ndoo, ya chooni ichote, upeleke wanapopokea taka za sumu. Inayotumika ni propilini glaikoli iliyoandikwa ni ya mabomba ya nyumba, na haichanganywi na maji, kuna wajanja wanaiongeza maji idumu na hapo kiwango cha baridi kilichoandikwa kwenye chupa hakina maana tena. Kuacha kona tupu pia hapana, harufu ya maji taka itaingia nyumba nzima.

Kufungua sasa. "Kuzungusha koki tu" ndiko kunakounguza hita. Ukiwasha umeme tanki halijajaa, elementi, kile chuma cha kupashia maji, inaungua hapo hapo. Funga koki zote, fungua kuu kidogo sana, sikiliza, kisha fungua bomba la moto uhakikishe linatoa maji mfululizo bila kukohoa hewa, ndipo washa hita. Vichujio vya midomo ya koki vitoe kwanza, takataka ni nyingi. Acha maji yatiririke vizuri kabla ya kunywa, na usianze kwa kuoga, maji yaliyolala muda mrefu yanaweza kuwa na bakteria wa lejonela na ule mvuke wa shawa ndio unaowaingiza kifuani. Kisha funga kila kitu uangalie mita, ikizunguka kuna mahali panavuja.

Kwa wengine wote mnaotafuta fundi, anayefunga ndiye aje kufungua, mpatane bei ya vyote viwili kabla hajagusa kitu, maana yeye ndiye anajua alifungua nati gani na kuacha valvu gani nusu. Muulize mashine ya kufulia atafanyaje. Akikwambia "hiyo haina shida", msindikize mlangoni. Akimaliza aandike karatasi aigundishe kwenye hita: TUPU, USIWASHE.