Diski C ikijaa, pima kabla hujafuta

Kompyuta nyingi za nyumbani zinazoletwa kwa mafundi hapa Kampala zimekwisha kutumika ng'ambo, na diski yake ni SSD ya GB 128 au 256. Kwa hiyo mteja akikuambia "imezeeka, nipigie Windows upya", fundi mgeni, usikimbilie flashi. Tazama kwanza C imebakiza nafasi gani. Windows huweka humo faili zake za muda, na RAM (kumbukumbu ya kazi) ikielemewa huazima nafasi hapohapo. Ikikosa, mashine inakwama.

Fungua Settings, System, kisha Storage, uone nani amekula nini. Mara nyingi ni Downloads, na filamu za maveejay (wanaozitafsiri kwa sauti) zilizoletwa kwa flashi zikamwagwa Desktop. Wengi hawajui kwamba Desktop nayo imo ndani ya C. Zihamishie D, ikiwa mashine inayo, au diski ya nje, mwenyewe akiwepo, na zifunguke huko mbele ya macho yake ndipo ufute za huku. Filamu atapata nyingine; picha za kwanjula (sherehe ya utambulisho) ya bintiye hutamlipa.

Pipa la takataka limwage, kwa ruhusa yake. Vilivyomo bado vimekalia diski ileile.

Halafu fungua Disk Cleanup, kifaa cha Windows cha kusafisha diski, upande wa faili za mfumo. Baadhi ya matoleo ya Windows 10 yaliiweka Downloads kwenye orodha hiyo, basi soma kila mstari kabla ya kutia tiki. Windows.old, folda ya Windows iliyotangulia, hubaki baada ya sasisho kubwa na hujifuta baada ya siku 10; ukiitangulia, njia ya kurudi toleo la zamani imefungwa. WinSxS, folda ya vipande vya mfumo wenyewe, usiiguse kwa mkono, hata ikikutisha kwa ukubwa.

Iko pia hiberfil.sys, faili iliyofichwa yenye gigabaiti kadhaa, ambamo Windows hutunza kazi iliyo wazi mashine ikilala (hibernate). Amri ya powercfg /h off, kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kama msimamizi, huiondoa. Kwenye laptopu mimi huiacha: umeme ukikatika na betri ikaisha, ndiyo huokoa kazi iliyokuwa wazi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) huzimika papo hapo, kwa hiyo hapo iondoe tu, ingawa kuwaka kutachelewa kidogo.

Kuhusu OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, muulize mteja bando lake kwanza. Ukibonyeza Free up space, faili hubaki mtandaoni tu, na siku bando limekwisha hataweza kuifungua.