Maswali ya Wasomaji: Ganda la risasi linapokatika juu ya kitako

SWALI: Ninajaza upya risasi za .308 Winchester kwa bunduki yangu ya boliti (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma). Huwa ninakaza kalibu ya kurudishia ganda umbo hadi iguse kishikio cha ganda, kisha ninaongeza robo mzunguko. Maganda yakishatumika mara chache hutokea mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako, na moja limekatika. Je, chemba, yaani sehemu ya mtutu inapokaa risasi, imelika?

JIBU: Usifyatue tena kabla fundi wa bunduki hajaipima chemba kwa geji zake. Hata hivyo, maelezo yako yananielekeza zaidi kwenye ile robo mzunguko. Hedispesi ya risasi hii ni umbali kutoka uso wa boliti hadi pale ambapo mteremko wa bega, yaani sehemu ganda linapopungua upana kuelekea shingoni, una kipenyo cha milimita 10.16. Kalibu ikilirudisha bega nyuma kupita kiasi, ganda hucheza ndani ya chemba hata kama bunduki ni nzima kabisa: pini hulisukuma mbele, shinikizo la gesi hubana kuta zake kwenye chemba, na kitako hulazimika kurudi nyuma hadi kwenye boliti. Kinachovutika ni ukuta ulio juu ya kitako, na kila mfyatuo huupunguza unene hadi ukatike, gesi ya moto ikapata njia ya kumrudia mpigaji. Hatari hiyo si ya kupuuzwa.

Kipimo cha kufuata ni cha chemba yako mwenyewe. Chukua maganda kadhaa yaliyofyatuliwa humo, uondoe fataki (kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) kwanza, kwa kuwa iliyochomoza hudanganya kipimo, kisha uyapime kwa kalipa (kifaa cha taya mbili cha kupimia urefu) iliyofungwa kipande chenye tundu linalokaa begani. Namba utakayoisoma si hedispesi halisi. Unachokitafuta ni tofauti kati ya ganda kabla na baada ya kupita kwenye kalibu. Lile refu zaidi ndilo liwe kigezo chako, maana ganda lililofyatuliwa mara moja kwa baruti hafifu huenda halijaijaza chemba.

Sasa legeza kalibu, uishushe kidogo kidogo huku ukipima, hadi bega lirudi milimita 0.03 hadi 0.05; bunduki zinazojipakia zenyewe huhitaji zaidi, kama 0.08 hadi 0.13. Mwanzoni kipimo kitaongezeka, kwa sababu kiwiliwili cha ganda kikibanwa, bega husogea mbele kabla kalibu haijaligusa. Wengi hukatishwa tamaa hapo, ilhali ni kawaida. Tumia kiasi kilekile cha mafuta kwa kila ganda, na ukiona vipimo vinatawanyika, shaba imekuwa ngumu kwa matumizi na inahitaji kulainishwa kwa moto, shingoni na begani tu, kamwe si kitakoni.

Maganda yenye mstari yatupe yote. Yaliyosalia yachunguze kwa waya mwembamba uliopindwa ncha, ukiuburuta ndani ya ukuta kutoka kitakoni kwenda juu. Ncha ikinasa kwenye mfereji, ganda hilo nalo limekwisha.