Uliza Tukujibu: Sumu ya nyangumi yatoka wapi, na papa wetu je?

SWALI: Assalaam aleikum mhariri. Kijana wangu kanisomea kwenye simu ati nyangumi wa Ulaya wamejaa kemikali mpaka hawazai. Nikashangaa, nyangumi yuko kilindini huko hana jirani wala kiwanda, hiyo sumu kaipata wapi? Na huku kwetu je, manake mkaza mwanangu ana mimba ya miezi mitano na kila siku ataka papa wa ng'onda. – Mama wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Kijana hajakudanganya. Januari 2016 kule Scotland, kisiwa cha Tiree, alikutwa nyangumi muuaji jike amekufa, watafiti wakimjua kwa jina la Lulu. Kilichomuua ni kamba za uvuvi zilizomnasa, lakini walipopima mafuta yake wakakuta miligramu 957 za kemikali iitwayo PCB kwa kila kilo, na madhara yanahesabiwa kuanza hata kwenye 20 mpaka 40. Alikuwa mtu mzima wa miaka 20 au zaidi, na walipompasua hawakuona dalili kama aliwahi kuzaa.

PCB ni kemikali ya viwandani, ilikuwa ikitiwa kwenye mafuta ya transfoma za stima kwa vile haishiki moto ovyo. Marekani walipiga marufuku kuitengeneza 1979 lakini kitu chenyewe hakiozi, mitambo ya zamani inavuja, mvua inasomba mpaka baharini, nyengine inapaa na hewa ya joto ikaenda kutua kwenye baridi, ndo maana miaka ya 1980 wanawake wa Inuit kaskazini mwa Kanada walipopimwa maziwa yao yakakutwa na PCB nyingi kuliko ya wenzao wa mijini kusini. Na kule hakuna hata kiwanda!

Kwenye maji PCB ni kidogo mno. Ila vidudu vidogo vinaikusanya, samaki wadogo wanakula vidudu, wakubwa wanakula wadogo, sili anakula samaki, nyangumi muuaji anakula sili, na kila ngazi inazidi kwa sababu inaganda kwenye mafuta haitoki. Dume anaibeba mpaka kufa. Jike anaipunguza, na hapa ndo paniuma, anaipunguza kwa kunyonyesha, kifungua mimba ndo anapokea mzigo mkubwa kuliko wadogo zake.

Wale nyangumi wa nundu wanaopita pwani yetu, hata Watamu watu huenda kuwatazama kuanzia Julai, wana nafuu, wao chakula chao ni uduvi wa Antaktika na uduvi yuko ngazi za chini. Lakini wakija huku kuzaa karibu hawali kitu, wanaishi kwa mafuta yao, na mafuta yakiyeyuka kilichomo kinaingia kwenye damu.

Haya, papa. Yeye balaa lake zaidi ni zebaki, inayotoka kwenye moshi wa makaa ya mawe na machimbo ya dhahabu, na hii inakaa kwenye nyama yenyewe, kwa hivyo utie chumvi, uanike, uloweke, uchemshe umwage maji, haitoki. Ng'onda ndo zaidi, maji yamekauka kimebaki kilichobaki. Zebaki inafika mpaka ubongo wa mtoto tumboni. Visiwa vya Faroe, huko kaskazini mwa Ulaya, wanakula nyangumi tangu mababu, na bado 2008 madaktari wakuu wao walisema nyama ile isiliwe tena.

Basi mkaza mwana aache papa na nduaro mpaka amalize kunyonyesha. Samaki asiache, mtoto anamhitaji: dagaa, simu, tafi, hao hawajakusanya kitu cha kutisha. Akinuna mpikie tafi wa nazi, utie na embe mbichi.

SWALI: Tumekuta pomboo kafa ufuoni Nyali, mzee mmoja anasema tumchemshe tutoe mafuta ya kuchua mgongo. Ni dawa kweli? – Kijana wa Mtopanga

JIBU: Acha kabisa. Hayo mafuta ndo ghala la hizo PCB nilizozitaja hapo juu, tena pomboo analindwa na sheria, utajitia matatani bure. Wapigieni KWS, shirika la wanyamapori, waje, msimguse kwa mikono mitupu, hatujui kafa kwa nini. Na mzee mchueni kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu.