Kwa mafundi wapya: mlango 502 haufunguliwi hata kwa usiku mmoja

Juma lililopita nilipitia mipangilio ya ruta iliyofungwa kwenye kisima kimoja huku Lamu, nikakuta mstari unaoagiza kwamba kila agongaye mlango 502 kutoka nje, yaani namba ambayo kwayo mitambo hupokea amri kupitia mtandao, apelekwe moja kwa moja kwenye PLC, kompyuta ndogo inayoendesha pampu. Kando yake fundi kijana alikuwa ameandika: "ya muda tu". Niliufunga mlango ule papo hapo, kisha nikaanza kuandika haya, kwa sababu maneno hayo matatu niliwahi kuyaandika mimi nilipokuwa na umri wenu, na kijiji kizima kikanywa maji ya chumvi.

Wanangu, najua kwamba mmesoma. Mkipewa ruta, laini na laptopu mnaunganisha mtambo kabla chai haijapoa, na hilo linanifurahisha kwa dhati. Linaloniumiza ni kuona kosa lile lile likirudi kila mwaka kwa mikono mipya, kwa hiyo naomba msome mpaka mwisho hata kama mengine mnayajua.

1. Mtandao wa simu haumfichi mtu. Mnaponiambia kwamba ruta imepewa anwani ya safu ya 100.64, ya ndani ya kampuni ya simu, na kwamba kwa hiyo hakuna awezaye kuifikia, kumbukeni kwamba kampuni ya simu imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma kwa sababu anwani ni chache, wala haikuifikiria pampu yenu. Siku mteja atakapolipia laini yenye anwani ya umma isiyobadilika, pazia hilo litaondoka bila nyinyi kugusa chochote. Hata likiwapo, mipangilio ya kampuni hiyo ndiyo inayoamua kama laini nyingine za APN ile ile, yaani lango lile lile la data, zinaweza kuigonga ruta yenu.

2. Ruta ndiyo ipige, isingoje kupigiwa. Handaki la VPN, yaani njia ya siri ndani ya mtandao, lianzie kisimani kuja kwenye seva yetu, na fayawoli, mlinzi wa milango ya ruta, ikatae kila kinachoanzia upande wa mtandao wa simu. Mkitumia WireGuard, programu ya VPN, ruta itume ishara ya uhai kila sekunde 25 ili NAT, ule mfumo unaowaweka wengi nyuma ya anwani moja, isiisahau njia. Mteja mwenye mitambo mingi aombe APN ya faragha, lakini handaki libaki humo humo.

3. Nywila ya kiwandani ibadilishwe mezani, kabla ruta haijapanda mashua. Novemba 2023 wavamizi waliingia kwenye kidhibiti cha kituo cha kusukuma maji cha Aliquippa, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, na wataalamu wa serikali walipotoa tahadhari kuhusu vidhibiti vya aina ile, waliwaagiza wenye mitambo waache mara moja kutumia nywila ya kiwandani, ambayo ilikuwa 1111. Juzi nimeikuta nywila ya namna hiyo hiyo kwenye skrini ya mtambo wa barafu wa wavuvi wetu.

4. Hapa nitakaa zaidi, kwa maana hili ndilo lililonifundisha kazi. Kilikuwa kisima cha kijiji, katika kisiwa ambacho sitakitaja, kimechimbwa mchangani kama vilivyo visima vyetu vingi. Mnajua jinsi maji yetu yalivyo: maji matamu ya mvua yameelea juu ya maji ya bahari ndani ya mchanga, na kwa hesabu ya kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hulingana na takriban mita 40 chini yake. Hesabu hiyo hugeuka pia, kwani ukiyashusha yaliyo juu kwa pupa, chumvi hupanda kutoka chini kwa kipimo kikubwa kuliko ulichokishusha. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimeweka kikomo kwenye PLC: maji juu ya pampu yakishuka mpaka sentimita 120, pampu izime na ipumzike.

Jioni ile handaki lilikataa kusimama. Mwenye mradi alitaka kuiona pampu kwenye simu yake kabla sijaondoka, nahodha alikuwa akiniita kwa sababu maji yalikuwa yakitoka kwenye Mkanda, mkondo tunaopitia kwa mashua, na mashua ingekwama, nami nikafanya jambo lililokuwa jepesi kuliko yote: niliufungua mlango 502 kwa ulimwengu mzima, nikaandika "ya muda tu", nikapanda mashua. Nilikusudia kuufunga kesho yake asubuhi nikiwa mjini. Kesho yake kukawa na mtambo mwingine ulioharibika, keshokutwa kukawa na harusi ya jamaa, na siku ya nne mlinzi wa kisima akanipigia simu, akasema: "Fundi, maji yameingia chumvi."

Niliposoma rejista ya kikomo, yaani mahali ambapo PLC huitunza namba hiyo, nilikuta sifuri mahali pa 120. Pampu ilikuwa ikivuta usiku na mchana bila kupumzika. Kumbukumbu za ruta zilionyesha kwamba wageni walikuwa wameanza kuugonga mlango ule kabla saa moja haijatimia tangu niufungue, wakiwa na anwani ambazo hazikunijulisha lolote juu yao. Hakuna aliyevunja kufuli. Modbus, lugha ya amri inayopita kwenye mlango 502, ilitolewa mwaka 1979 kwa ajili ya mashine zinazozungumza kwa waya ndani ya kiwanda kimoja, na haikupewa njia ya kumuuliza anayeamuru kwamba yeye ni nani. Mtu au programu fulani ilituma amri iliyo sahihi kabisa ya kuandika rejista, na PLC ikatii kama ilivyofundishwa kutii.

Nilivuka siku ile ile. Bibi mmoja alinipokea kwenye kizingiti cha nyumba yake, akanipa kikombe cha chai isiyo na maziwa, akaniambia, "Onja, mwanangu." Sukari ilikuwa imetiwa nyingi, na chini ya sukari kulikuwa na bahari. Kaskazi ilikuwa imepamba moto, maji ya mvua kwenye jabia yalikuwa yamebaki chini kabisa, na waliokuwa na fedha walianza kununua maji kwa madumu yaliyoletwa kwa mashua. Bibi yule hakuniuliza lolote kuhusu ruta. Aliniuliza kama maji yatarudi.

Sasa naeleza lile ambalo lilinichukua miaka mingi kulisema. Siku hiyo mwenye mradi aliponiuliza kilichotokea, nilimjibu kwamba sensa ya kina imeharibika. Sensa ilikuwa nzima. Nilidanganya kwa hofu, nikalala siku mbili na uongo huo, na siku ya tatu baada ya swala ya alasiri nikakaa na wazee barazani, nikawaambia kwamba mlango niliuacha wazi mimi, kwamba aliyeingia simjui, na kwamba sensa haina kosa. Mzee mmoja alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kisima cha upande wa pili wa kijiji nacho kina mlango wa namna hiyo. Hilo ndilo swali ambalo mimi, fundi, nilipaswa kuwa nimejiuliza siku ya kwanza, lakini nilikuwa nimeshughulika na kujificha. Kilikuwa nacho. Niliufunga mbele yake, kwenye laptopu iliyokuwa juu ya mapaja yangu.

Pampu tuliipumzisha, kisha tukawa tunavuta kidogo kidogo, saa chache kwa siku, na chumvi haikuondoka mpaka masika ilipokolea.

Kutokana na hayo nina kanuni ambayo siilegezi kwa mteja yeyote: kikomo kinacholinda maji ya watu hakiishi ndani ya rejista peke yake. Wekeni elektrodi kisimani, waya wake ukate umeme wa koili ya kontakta, swichi inayoiwasha pampu, pale maji yanaposhuka, ili hata mwenye nywila zote duniani asiweze kuiamuru pampu ivute zaidi ya hapo. Mteja akilalamikia bei ya elektrodi, niiteni nizungumze naye mimi.

5. Msibadilishe fayawoli kupitia njia ile ile mliyoingilia bila kuiwekea ruta muda wa kurudi kwenye mipangilio ya zamani. Betri ya saa ya ruta ikifa, saa hurudi nyuma na vyeti vya VPN hukataliwa, kwa hiyo ruta ipate saa kutoka kwenye mtandao kabla handaki halijaanza. Laini ifungwe kwa PIN, na ibaki na data peke yake. Viungio vya antena vizungushiwe utepe wa mpira unaoshikana wenyewe, kwani chumvi ya hewa yetu inakula shaba.

6. Kila fundi awe na ufunguo wake wa VPN, na siku anapoondoka ufunguo huo ufutwe kabla hajaagwa. Mwaka 2000, katika wilaya ya Maroochy, jimbo la Queensland nchini Australia, mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi aliyefunga mitambo ya majitaka aliiamuru mitambo hiyo kwa redio na kompyuta, na takriban lita 800,000 za majitaka zikamwagika kwenye mito na bustani. Sisi bado tuna ufunguo mmoja ambao watu wanne wanautumia, na wawili kati yao hawako nasi tena. Hilo ni kosa langu, nami nalirekebisha juma hili.

Kijana aliyeandika "ya muda tu" hana haja ya kunikwepa jetini. Jumamosi, maji yakijaa kwenye Mkanda, tutavuka pamoja. Yeye atabeba elektrodi na kontakta, mimi nitabeba laptopu, na kabla hatujafungua paneli atayakinga maji ya kisima kile kwenye kikombe na kuyaonja, ili ajue ladha yake yakiwa matamu.