Kwa nini "of" na "but" vilikatwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa katika Nyanda za Juu Kusini, na barua zetu kwa mnunuzi wa nje huziandika mwenyewe kwa Kiingereza. Hivi karibuni niliandika: "Despite of the delay of fertiliser, but our farmers have planted the new seedlings." Mwenyekiti wetu, ambaye ni mwalimu mstaafu, alikata "of" na "but" kwa kalamu nyekundu, akanirudishia karatasi bila maelezo. Siku chache baadaye mnunuzi alituletea rasimu ya mkataba yenye maneno "clause 4 notwithstanding", nikazidi kuchanganyikiwa, kwa kuwa neno la kupinga limekaa nyuma ya jina badala ya kulitangulia. Naomba kuelimishwa kuhusu maneno yangu mawili yaliyokatwa na kuhusu hilo neno la mkataba.

JIBU: Ndugu Katibu, mwenyekiti wako alikata mahali panapostahili, ingawa ningependa angekueleza sababu, kwa maana makosa hayo mawili si ya uzembe. Yote yanatokana na Kiswahili, na ndiyo maana tunayakuta hata katika taarifa za watu waliosoma Kiingereza kwa miaka mingi.

Tuanze na "of". Katika Kiswahili hatuwezi kusema "licha mvua". Ni lazima tuseme "licha ya mvua", na mkono uliozoea kuandika "ya" hutafuta "of" ya kuweka mahali pake. Kiingereza chenyewe huongeza mtego, kwa sababu kina "in spite of", ambayo ina maana ileile na inaidai hiyo "of". Historia ya maneno haya inasaidia sana kuyatenganisha. Zamani "despite" lilikuwa nomino yenye maana ya dharau, lililoingia Uingereza kutoka Kifaransa cha kale, na asili yake katika Kilatini ni kumtazama mtu kutoka juu. Waingereza walikuwa wakisema "in despite of", yaani kwa kukidharau kitu fulani. Baadaye fungu hilo lilipoteza neno la mbele na la nyuma, likabaki "despite" peke yake, likawa kihusishi kamili kisichohitaji msaada. Neno "spite", ambalo ni kifupi cha "despite" hiyohiyo, lilibaki na maneno yote mawili, yakiandikwa mbalimbali: "in spite of". Kwa hiyo "in" na "of" huingia pamoja na kutoka pamoja: ukiona huna "in" mwanzoni, basi na "of" haina nafasi.

Ama "but", hapo tatizo ni la mazoea ya sentensi nzima. Mswahili husema bila kusita, "Ingawa mbolea ilichelewa, lakini wakulima walipanda," na msikilizaji haoni kasoro, kwa sababu "lakini" inampokea mtu aliyekwisha kutayarishwa na "ingawa". Kiingereza sanifu hutaka upinzani huo utajwe mara moja tu. Ukianza na "despite" au "although", "but" huondoka. Ukiipenda "but", anza sentensi bila hayo mengine.

Sasa kuna jambo ambalo kalamu nyekundu haikuligusa, nalo ni zito zaidi kuliko hayo mawili. "Despite" hufuatwa na kirai nomino au kitenzi chenye "-ing", ilhali "although" hufuatwa na kishazi chenye kiima na kitenzi chake. Kiswahili kina mgawanyo unaokaribiana sana na huo: "licha ya" huchukua nomino au kitenzi-jina, kama katika "licha ya ukame" na "licha ya kuchelewa", na "ingawa" huchukua kishazi, kama katika "ingawa mvua ilichelewa". Kwa sehemu kubwa, basi, sikio lako la Kiswahili linaweza kukuongoza. Angalia tu mambo mawili.

La kwanza ni kwamba "licha ya" ina maana mbili. Ukisema, "Licha ya kuwa mwenyekiti, yeye pia ni mfugaji," hupingi chochote, unaongeza. Kiingereza cha hapo ni "besides" au "in addition to", na ukiweka "despite" msomaji atadhani kwamba mwenyekiti kwa kawaida haruhusiwi kufuga. "Pamoja na" nayo ina tabia hiyohiyo, maana "pamoja na juhudi zote, tulishindwa" ni upinzani, lakini "pamoja na kahawa, tunalima ndizi" ni nyongeza tu.

La pili linahusu barua yako moja kwa moja. Kama ungejaribu kuirekebisha kwa kuandika, "Despite arriving late, our farmers have planted the new seedlings," Mwingereza angeelewa kwamba waliochelewa kufika ni wakulima, kwa sababu kitenzi cha "-ing" kisichotajiwa mtenda wake hudaka mtenda wa sentensi kuu. Kiswahili hutuokoa kwa kuturuhusu kumtaja mtenda palepale, "licha ya mbolea kuchelewa". Na Kiingereza kinaweza kufanya hivyo, "despite the fertiliser arriving late", lakini katika barua ya kibiashara ningechagua nomino iliyo wazi: "Despite the late delivery of fertiliser, our farmers have planted the new seedlings." Utaona pia nimeacha "the delay of fertiliser", kwa kuwa ucheleweshaji wa kitendo huandikwa kwa "in", kwa mfano "the delay in delivering the fertiliser".

Tuje kwenye "notwithstanding". Neno hili limeundwa na "not" na "withstanding", ambapo "withstand" ni kukabili au kuzuia, nalo lilitungwa kwa kufuata fungu la Kilatini la wanasheria, "non obstante", lenye maana ya "bila kuwa kizuizi". Hapo asili, jina lililotangulia lilikuwa kiima chake. "The rain notwithstanding" ni sawa na kusema "mvua ikiwa haizuii", na katika Kiswahili pia mvua ingetangulia, kisha kitenzi kikafuata. Kwa hiyo neno hilo halikurushwa nyuma ya jina. Limebaki katika kiti chake cha kwanza, na matumizi ya kulitanguliza, "notwithstanding clause 4", yana maana ileile. Mpangilio wa jina kwanza unapatikana pia katika "Child though he was, he understood the accounts", yaani "ijapokuwa alikuwa mtoto, alizielewa hesabu", ambapo nomino inayotangulia "though" huachwa bila "a". Kuna pia "The seedlings, however, survived", yenye mkato kila upande wa "however". Huo wa "though" ni wa maandishi ya kifahari zaidi na hauna kazi katika barua zako.

Katika mkataba, hata hivyo, "notwithstanding" si suala la ufahari, na hapa ningekusihi usome polepole. Tuseme kifungu cha 4 kinamtaka mnunuzi alipe ndani ya siku 14 baada ya kupokea kahawa, na kifungu cha 9 kinaanza kwa "Clause 4 notwithstanding", kisha kinamruhusu kuzuia malipo hadi aridhike na ubora. Zile siku 14 mlizozifurahia zimeondolewa nguvu, kwa sababu kifungu chenye "notwithstanding" ndicho kinachoshinda kile kinachotajwa ndani yake. Kiswahili cha sheria husema "bila ya kujali masharti ya kifungu cha 4". Kinyume chake ni "subject to clause 4", yaani "kwa kuzingatia masharti ya kifungu cha 4", ambapo kifungu cha 4 ndicho kinachobaki juu. Ukiyachanganya maneno hayo mawili utakuwa umemgeuza mshindi kuwa mshindwa.

Hamlazimiki kulipokea neno lenyewe kwa hofu ya kuonekana hamjui sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 25 inayotaja haki zisizoweza kuwekewa mipaka, kama vile kutoteswa na kutofanywa mtumwa, inaanza kwa "Despite any other provision in this Constitution". Ikiwa "despite" linatosha kulinda haki za namna hiyo, linatosha pia kwa magunia ya kahawa. Mwombeni mnunuzi aandike "Despite clause 4", ambayo kila mjumbe wa bodi anaweza kuielewa. Kisha pigeni mstari chini ya kila "despite", "notwithstanding" na "subject to" katika rasimu hiyo, na mbele ya kila moja mwandike kwa Kiswahili ni kifungu kipi kinachoshinda, halafu mpelekeeni wakili karatasi hiyo kabla ya mtu yeyote kutia saini.